UCHANGANUZI: Kadi ya karatasi yauzwa mamilioni, lakini ni nani hupanga bei?

MNAMO Agosti 2025, kadi moja ya karatasi ngumu yenye sahihi za nyota wawili wa mpira wa vikapu, Michael Jordan na marehemu Kobe Bryant, iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola 12.9 milioni. Kwa bei hiyo iliipiku kadi ya mchezaji wa besiboli, Mickey Mantle, iliyochapishwa 1952 na ambayo Agosti 2022 ilikuwa imenunuliwa kwa dola 12.6 milioni, takriban Sh1.5 bilioni kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati huo.

Habari za aina hii huchapishwa kama kioja, msomaji akacheka na kuendelea na shughuli zake. Hata hivyo, nyuma yake kuna soko ambamo watu wasio matajiri wametumbukiza akiba zao: wazazi waliohifadhi makasha ya kadi wakitumaini yatalipa karo ya chuo, vijana wanaofungua pakiti baada ya pakiti wakisaka kadi moja ya bahati, na warithi wanaofungua sanduku la marehemu babu bila kujua iwapo mna mali au takataka. Wote hao wanakabiliwa na swali moja. Je, kipande hiki cha karatasi kina thamani gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema hivyo?

Ikumbukwe kwamba kadi hizi hazikuzaliwa kama mali. Zilikuwa chambo tu cha kuuzia bidhaa nyingine. Kadi maarufu za T206, zilizotolewa kati ya 1909 na 1911, zilitiwa ndani ya pakiti za sigara za kampuni ya American Tobacco. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Topps ya Brooklyn, New York, ilizitia katika pakiti za chingamu ili kuwavutia watoto. Watoto nao walizichezea, wakazifunga kwa mipira, wakazibana kwenye tairi za baiskeli ili zipige kelele, na mwishowe mama zao wakazitupa. Uharibifu huo ndio uliokuja kuwa msingi wa thamani ya zile chache zilizonusurika.

Kisa cha kadi ya Mantle kinafaa kuchunguzwa kwa makini kwa sababu kinavunja imani iliyozoeleka kwamba uhaba ndio thamani. Ni kweli kwamba awamu ya mwisho ya kadi za Topps za 1952, inayoanzia nambari 311, ilichelewa kufika madukani. Msimu wa besiboli ulikuwa unamalizika na watoto walikwisha kugeukia michezo mingine. Makasha mengi yalibaki ghalani. Kwa mujibu wa masimulizi ya Sy Berger, afisa wa Topps aliyezibuni kadi hizo, mnamo 1960 shehena iliyokosa wanunuzi ilipakiwa kwenye tishari na kumwagwa katika bahari ya Atlantiki.

Lakini kadi ya Mantle, ambayo ndiyo hiyo nambari 311, ilichapishwa mara mbili katika kila bango la kiwandani, ilhali nyingi za awamu hiyo zilichapishwa mara moja. Kwa hivyo kuna wachezaji wa awamu iyo hiyo ambao kadi zao ni adimu kuliko yake na ambazo bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya ile ya Mantle. Isitoshe, hii si kadi ya kwanza ya mchezaji huyo. Ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Bowman mwaka wa 1951, nayo huuzwa kwa bei ya chini zaidi. Kinachoipandisha ile ya 1952 ni kwamba kizazi kizima cha Wamarekani waliokuwa watoto enzi hizo, na ambao baadaye walipata fedha, waliitamani hiyo na si nyingine.

Hapa ndipo anayetaka kukadiria bei anapopata funzo la kwanza: uhaba usio na anayeutafuta hauna maana. Barua ya mapenzi iliyoandikwa kwa mkono ni moja tu duniani, na bado haina soko.

Hatua ya mwanzo kabisa ya ukadiriaji ni kuitambua kadi yenyewe. Ni ya mwaka gani, kampuni gani, nambari gani, na je, ni ya toleo la kawaida au la toleo maalumu lenye rangi tofauti, sahihi au nambari ya mfululizo? Kosa dogo hapa linaweza kumfanya mtu adhani kitu cha dola mbili ni cha dola 2,000. Aidha, kadi zinazotafutwa sana zimeigwa kwa wingi. Kadi ya Michael Jordan iliyotolewa na kampuni ya Fleer mwaka wa 1986, nambari 57 katika seti ya kadi 132, ni miongoni mwa zilizogushiwa mno. Wajuzi huikagua kwa kioo cha kukuza, wakitazama mpangilio wa nukta za wino, ambao mashine za kisasa za kunakili hushindwa kuuiga barabara.

Baada ya utambuzi hufuata hali ya kadi, na hapo ndipo bei inapotengana kama mbingu na ardhi. Vitu vinne hutazamwa: pembe, kingo, uso, na jinsi picha ilivyokaa katikati ya karatasi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini, muuzaji na mnunuzi walibishana wenyewe juu ya hali hiyo, kila mmoja akivutia kwake. Mnamo 1991 ikaanzishwa kampuni ya PSA, ambayo kwa ada huichunguza kadi, huipa daraja kuanzia 1 hadi 10, na kuifungia katika kasha la plastiki lisiloweza kufunguliwa bila kuvunjwa.

Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana. Kadi iliyo ndani ya kasha iliweza kuuzwa kwa mtu aliye mbali, ambaye hajaiona kwa macho, mradi tu aiamini nambari iliyoandikwa juu ya kasha. Ujio wa minada ya intaneti katika miaka ya tisini ulilikuta soko tayari lina lugha ya pamoja. Kwa upande mwingine, thamani ilihama kutoka kwa kadi na kuingia katika nambari. Tofauti ya daraja la 9 na la 10 mara nyingi haionekani kwa macho ya kawaida, ila katika bei inaweza kuwa mara kadhaa.

Kadi hiyo ya Jordan ya 1986 ndiyo kielelezo bora. PSA imezipa daraja la 10 zaidi ya kadi 300 za aina hiyo, na daraja la 9 zaidi ya 2,000. Mtu anayesoma takwimu hizo atagundua kwamba hakuna uhaba wa kadi ya Jordan. Kuna uhaba wa kadi ya Jordan yenye nambari 10. Mwaka wa 2020 dunia ilipofungiwa nyumbani kutokana na janga la corona, na televisheni ikaonyesha makala ya mfululizo ya "The Last Dance" kuhusu maisha ya mchezaji huyo, bei ilianza kuruka. Januari 2021 kadi mbili za daraja la 10 ziliuzwa kwa dola 738,000 kila moja. Kufikia 2022 kadi za daraja lilo hilo zilikuwa zikiuzwa kwa karibu dola 200,000. Aliyenunua kileleni alikuwa amepoteza zaidi ya asilimia 70 ya fedha zake, ilhali kadi haikuwa imekunjwa, kulowa wala kuchanika.

Waliofuga kware humu nchini mnamo 2013 na 2014 wataielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Kishindo cha msimu huo wa janga kilikuwa kikubwa. Machi 2021, PSA ililazimika kusimamisha huduma zake nyingi kwa sababu ya mrundiko wa mamilioni ya kadi zilizotumwa zipewe daraja. Mei mwaka huo, kampuni ya maduka ya Target iliacha kwa muda kuuza kadi madukani baada ya ugomvi kuzuka nje ya duka lake moja katika jimbo la Wisconsin na mwanamume mmoja kutoa bastola. Mrundiko wa PSA ulipoanza kupungua, kila kadi iliyotoka na daraja la 10 iliongeza idadi ya zilizokuwapo. Wanunuzi waliokuwa wameipigia hesabu idadi ya jana walijikuta wanashindana na idadi ya leo.

Je, bei yenyewe hupatikana wapi? Zamani ilikuwa kitabuni. Mtaalamu wa takwimu, Dkt James Beckett, alianzisha jarida la kila mwezi la bei mnamo 1984, na kwa miaka mingi neno lake lilikuwa sheria katika maduka ya kadi. Udhaifu wa kitabu ni kwamba kilitaja bei ambayo muuzaji alitamani, na aghalabu soko lilikwisha kusonga kabla wino haujakauka. Siku hizi wajuzi hutegemea rekodi za mauzo yaliyokamilika, yaani fedha zilizotoka mfukoni kweli. Bei inayotajwa na muuzaji ambaye hajapata mteja si ushahidi wa chochote. Mtu yeyote anaweza kuandika dola milioni moja kando ya kadi ya senti kumi, na wapo wanaofanya hivyo kila siku.

Hata rekodi za mauzo zahitaji kusomwa kwa tahadhari. Mauzo mawili katika mwaka mzima hayatoshi kuwa soko. Mnada unaweza kuwa na walafi wawili waliokataa kushindwa, na wakikosekana hao safari ijayo bei huporomoka. Vilevile pana udanganyifu wa mwenye mali au washirika wake kujinadia wenyewe ili bei ipande. Agosti 2021, eBay ilikatiza uhusiano na mmoja wa wauzaji wake wakubwa zaidi wa kadi kwa madai ya aina hiyo, madai ambayo kampuni husika iliyakanusha.

Wakati mwingine bei inayotangazwa si fedha taslimu. Mnamo 2021 Mmarekani Logan Paul, mashuhuri katika mitandao, alinunua kadi ya Pokemon iitwayo Pikachu Illustrator, ambayo awali ilitolewa nchini Japani kama zawadi kwa washindi wa mashindano ya uchoraji. Bei iliyoingia katika kumbukumbu za Guinness ni dola 5.275 milioni. Ukiichambua utakuta dola milioni nne zilikuwa fedha, na zilizosalia zilikuwa kadi nyingine ya aina iyo hiyo, ya daraja la 9, iliyohesabiwa kuwa ya dola 1.275 milioni. Kwa maneno mengine, rekodi ya dunia ilisimama kwa sehemu juu ya makadirio ya wafanyabiashara wawili.

Kwa mtu wa kawaida hesabu muhimu zaidi ni ya gharama, na ndiyo inayosahaulika. Tuchukue mfano wa kubuni. Kadi isiyo na daraja inauzika kwa dola 100. Kuipeleka ipewe daraja kunagharimu dola 25 pamoja na posta. Ikipata 10 itauzwa dola 400, ikipata 9 itauzwa dola 110, ikishuka chini ya hapo dola 60. Soko la mtandaoni linakata asilimia 13. Mwenye kadi akiiuza kama ilivyo atabaki na dola 87.

Akidhani kwamba kadi kama yake hupata 10 mara moja katika nne, 9 mara mbili katika nne, na chini ya hapo mara moja, wastani wa mauzo ni dola 170. Akitoa makato na ada ya daraja anabaki na takriban dola 123. Biashara nzuri. Lakini ikiwa nafasi ya kupata 10 ni moja katika kumi, ya 9 tano katika kumi, na nne zilizobaki ni za chini, wastani huwa dola 119, na baada ya makato anabaki na dola 78 na senti kidogo. Afadhali angeiuza ilivyokuwa. Kadi ni ile ile katika hesabu zote mbili. Kilichobadilika ni matumaini ya mwenyewe kuhusu pembe zake nne. Kwa kuwa kila mwenye kadi huiona yake kuwa safi kuliko za wengine, mamilioni ya kadi hutumwa kila mwaka na ada hulipwa iwe matokeo ni mema au mabaya.

Kuhusu uaminifu wa nambari zenyewe, hakuna kisa kinachozungumza zaidi ya kile cha Honus Wagner. Kadi yake ya T206 ndiyo inayosifika kuliko zote. Zinazojulikana kuwapo ni takriban 60. Moja kati ya hizo ilinunuliwa 1985 kwa dola 25,000 na Bill Mastro, aliyekuja kuwa bwana mkubwa wa minada ya kumbukumbu za michezo. Mnamo 1991 ikanunuliwa kwa dola 451,000 na bingwa wa magongo ya barafuni, Wayne Gretzky, pamoja na mshirika wake Bruce McNall. Ndiyo kadi ya kwanza kabisa kupewa cheti na PSA, kwa daraja la 8. Mnamo 2007 ikauzwa kwa dola 2.8 milioni kwa Ken Kendrick, mmiliki wa klabu ya besiboli ya Arizona Diamondbacks.

Kwa miaka mingi ilinong'onwa kwamba kingo za kadi hiyo zilikuwa nyoofu kupita kiasi. Mnamo 2013, Mastro alipokiri mahakamani mjini Chicago mashtaka ya ulaghai, alikubali pia kwamba yeye mwenyewe aliikata kingo ili ionekane safi. Mnamo 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20. Kwa kanuni za PSA, kadi iliyokatwa haistahili daraja lolote. Kasha la kwanza la kampuni iliyojijengea jina kwa uaminifu lilikuwa limebeba kadi iliyochezewa.

Kuna ahadi nyingine ambayo bei huitegemea, nayo ni ya mchapishaji kutochapisha zaidi. Mwishoni mwa miaka ya themanini na mapema miaka ya tisini, kadi za zamani zilipokuwa zikipanda bei, kampuni zilifurika sokoni na kuchapa bila kikomo. Wamarekani wakanunua makasha mazima na kuyaficha darini. Kwa kuwa kila mtu alihifadhi na hakuna aliyeharibu, hakukutokea uhaba wowote, na sehemu kubwa ya kadi za enzi hiyo haina bei ya maana hadi leo. Kampuni ya Wizards of the Coast, inayotengeneza kadi za mchezo wa Magic: The Gathering, ilijifunza mapema. Baada ya kuchapisha upya kadi kadhaa mnamo 1995 na kuwakasirisha wakusanyaji, mwaka uliofuata ilitoa orodha ya kadi ambazo iliahidi kutozirudia. Bei ya kadi kama Black Lotus imekaa juu ya ahadi hiyo kama nyumba juu ya nguzo.

Mbinu ya kisasa ni kuutengeneza uhaba kiwandani. Kadi hupigwa nambari, moja kati ya 99, moja kati ya kumi, au moja pekee duniani, kisha hufichwa ndani ya pakiti. Mnamo 2023, kadi pekee ya "One Ring" ya mchezo wa Magic ilipatikana Canada na kununuliwa na mwanamuziki Post Malone kwa takriban dola milioni mbili. Kwa kila aliyepata kadi ya namna hiyo, wapo maelfu waliolipia pakiti na kutoka na karatasi. Wakosoaji huiita kamari iliyovishwa sare ya watoto, na si rahisi kuwapinga.

Wakenya nao wamo katika kadi hizi. Victor Wanyama alichapishwa katika kadi za Match Attax za Topps alipokuwa akichezea Southampton katika Ligi Kuu ya Uingereza. Shabiki wa Nairobi aliyeletewa moja na jamaa yake aliye ughaibuni anaweza kuithamini mno, lakini sokoni kadi za kawaida za mkusanyiko huo ni za senti tu, kwa kuwa zilichapwa kwa wingi kuuziwa watoto wa shule.

Kinachopaswa kufuatiliwa sasa ni umiliki wa mizani yenyewe. Collectors, kampuni inayoimiliki PSA, ilimnunua mshindani wake SGC mnamo Februari 2024. Katika upande wa uchapishaji, Fanatics iliinunua biashara ya kadi ya Topps Januari 2022, na pia ikapata leseni za ligi kuu za Marekani za mpira wa vikapu na futiboli zilizokuwa mikononi mwa Panini ya Italia. Panini ilikwenda mahakamani Agosti 2023 ikilalamikia uhodhi, nayo Fanatics ikawasilisha kesi yake. Wakati mawakili wakibishana, idadi ya kadi zitakazochapwa msimu ujao na idadi ya zitakazopewa daraja la 10 huamuliwa katika ofisi chache kuliko zilivyokuwa miaka kumi iliyopita.